Mkunazini si pa kupita mbio

Desemba iliyopita tulivuka kwa boti kwenda Unguja, mimi, mume wangu na watoto wawili. Ratiba ilikuwa ileile ya kila mtu: Forodhani jioni, Nungwi kuogelea, shamba la viungo. Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, Mji Mkongwe, nililichomeka mwenyewe asubuhi ya mwisho, saa mbili tu kabla ya boti. Nilikosea. Pale palistahili siku nzima.

Kanisa limejengwa palipokuwa na soko la watumwa. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alilifunga soko hilo mwaka 1873, na mwaka huohuo Waanglikana wakaweka jiwe la msingi. Mbele, penye altare, sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Tulielezwa kwamba ndipo uliposimama mti ambao watu walifungwa na kuchapwa, wanunuzi wakitazama nani atalia na nani atavumilia. Aliyevumilia bei yake ilipanda. Binti yangu wa miaka tisa aliposikia hivyo alirudisha mguu nyuma, asikanyage.

Bibi mzaa mama alizaliwa Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa. Wengi waliouzwa Unguja walitolewa pande zile, wakaswagwa kwa miguu hadi Kilwa, kisha wakapakiwa majahazini. Hayo niliyasoma shuleni, nikajibu mtihani, yakaishia hapo. Juu ya lile duara nilijikuta nawaza ndugu wa bibi wa bibi yangu, nani alirudi kutoka shambani akakuta kijiji kitupu.

Ndiyo maana inaniuma kuona sisi wa Bara tukiwaachia Wazungu mahali hapa. Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs, msanii wa Sweden: watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni, na minyororo hiyo ni ya enzi zile. Nilikuta vijana wa Kitanzania wamejipanga ukingoni wanapiga selfi, wanacheka. Siwalaumu sana. Mtembezaji wetu naye alimaliza kila kitu kwa dakika ishirini, akawa anatazama saa. Jamani, mwambie mtembezaji apunguze mwendo! Umelipia, na wale ni watu wako.

Ukitulia, kanisa lenyewe linazungumza. Msalaba wa mbao uliomo ndani umechongwa kutoka kwenye mti wa Chitambo, Zambia, ambao chini yake moyo wa mmisionari David Livingstone ulizikwa. Upande wa mlangoni kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba mafundi walizikosea wakati Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, akiwa safarini, zikaachwa hivyohivyo. Nilipitisha kiganja kwenye mojawapo, ya baridi kabisa ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Steere amezikwa nyuma ya altare. Kabla ya kujenga hapa alikuwa amekusanya hadithi za Waunguja na kuzichapisha mwaka 1870, katika Kiunguja kilekile ambacho baadaye kilikuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa mtu anayeishi kwa lugha hii kama mimi, hilo tu lingetosha kunifanya nikae kwenye benchi nusu saa.

Maonyesho ya historia ya utumwa yaliyo palepale uani hatukuyafikia. Boti haingoji. Mwezi wa sita, Mungu akipenda, nampeleka mama. Tutaanzia Mkunazini, asubuhi mapema, kabla makundi hayajafika.