Archie Griffin, Barry Sanders na wazee wetu wa kijiweni: nyota wa zamani tuwapime vipi?

Hapa Columbus, Ohio, jina la Archie Griffin halitajwi ovyo. Ni mtoto wa mji huu huu, sekondari alisoma hapa, akachezea Chuo Kikuu cha Ohio State kuanzia 1972 hadi 1975, na mpaka leo ndiye mtu pekee aliyetwaa tuzo ya Heisman mara mbili, 1974 na 1975. Heisman ndiyo tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo (si soka, ni ule mpira wa Kimarekani wa kubebwa mkononi) kwa Marekani nzima, ilianza kutolewa 1935. Kwa hiyo ukithubutu kusema mbele ya watu wa hapa kwamba kuna mkimbiaji aliyemzidi Archie, utaulizwa swali moja tu: huyo wako ana Heisman ngapi?

Nilipofika nchi hii sikuelewa watu wazima, wajukuu wamewazunguka, wanagombanaje kwa ajili ya mpira wa wanafunzi. Kwetu mechi ya chuo hutazamwa na wanachuo wenyewe. Hapa uwanja wa Ohio State unaingiza watu zaidi ya 100,000, wakati Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa unachukua 60,000. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba mji huu hauna timu ya NFL, ile ligi ya futiboli ya kulipwa. Timu hizo ziko Cleveland na Cincinnati. Chuo ndiyo Simba na Yanga yao. Na watani wao wa jadi ni Michigan, ila utani wenyewe hauna masihara. Wiki ya mechi hiyo, mwishoni mwa Novemba, ukipita chuoni utakuta kila herufi M kwenye mabango na vibao imepigwa alama ya X kwa utepe mwekundu. Mzazi aliyekuja kumtembelea mwanawe anasoma kibao cha jengo chenye herufi pungufu, na hakuna anayeshangaa.

Ghalani ninakobeba maboksi, saa ya mapumziko ndiyo saa ya ubishi. Kuna mzee mmoja wa hapa hapa, yeye na Archie, Archie na yeye. Kuna kijana wa kutoka Georgia ambaye kwake hakuna binadamu mwingine zaidi ya Herschel Walker, aliyekimbia na mpira yadi 5,259 kwa misimu mitatu tu na kuwapa ubingwa wa taifa mwaka wake wa kwanza chuoni, 1980. Kwenye mechi ile ya kufunga msimu, Sugar Bowl, dhidi ya Notre Dame, bega la Walker liliteguka mapema kabisa, likarudishwa, naye akaendelea kucheza mpaka akamaliza na yadi 150. Mimi nasimama na Barry Sanders, na nitaeleza kwa nini.

Ubishi wenyewe ni ule ule wa kijiwe cha kahawa Magomeni nilikokulia. Kilicho tofauti ni kwamba hapa, mtu akitaja jina, mwenzake anatoa simu mfukoni na ndani ya sekunde chache ana yadi, mechi, tachidauni (kuufikisha mpira mwisho wa uwanja upande wa wapinzani), na video ya mchezaji aliyeacha mpira kabla yeye hajazaliwa. Hilo nawasifu kwa moyo wote. Nawaonea wivu kabisa.

Lakini namba hizo nimezikalia kwa muda, na nimegundua kwamba zinahitaji kusomwa kwa makini kuliko wenyewe wanavyozisoma. Chukua huyo huyo Archie. Ukihesabu msimu wa kawaida ana yadi 5,177. Ukiongeza mechi za bowl, yaani zile za mwaliko zinazofunga msimu, anafika 5,589. Mtu mmoja, miguu ile ile, jumla mbili. Sababu ni kwamba zamani mechi za bowl hazikuingizwa kwenye rekodi rasmi. Zilianza kuhesabiwa 2002.

Sasa mtazame Sanders. Mwaka 1988, akiwa Oklahoma State, alikimbia yadi 2,628 katika mechi 11. Kwa asiyeufuata mchezo huu: mkimbiaji ni yule anayekabidhiwa mpira mkononi kisha anapasua katikati ya majitu yaliyopangwa kumwangusha. Akipata yadi 100 kwa mechi, watu wanasema leo kapiga kazi. Sanders alikuwa akipata karibu 239 kila mechi, msimu mzima. Kisha ikaja Holiday Bowl dhidi ya Wyoming, akaongeza yadi 222 na tachidauni 5, na zote hizo hazimo kwenye ile 2,628. Mwaka 2024 alitokea kijana wa Boise State, Ashton Jeanty, akamaliza na yadi 2,601, na nchi nzima ikahesabu pamoja naye: zimebaki 27 tu aifikie rekodi. Jeanty ni mkali, niliona mabeki wawili wawili wakimrukia na yeye akabaki amesimama. Ila zile 2,601 zilikusanywa katika mechi 14, na ya mwisho, ya bowl, ikiwemo. Mpe Sanders hesabu hiyo hiyo uone: 2,850 katika mechi 12. Kwa msimu mmoja, mimi sijaona wala kusoma mkimbiaji wa chuo aliyefika hapo.

Kuna jingine ambalo yule mzee wa ghalani hapendi kulisikia. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuichezea timu kubwa ya chuo. Sheria ilibadilishwa 1972, mwaka ule ule Archie alioingia Ohio State. Mechi yake ya pili tu, dhidi ya North Carolina, akakimbia yadi 239. Angetangulia kuzaliwa mwaka mmoja, msimu ule angeutazama akiwa jukwaani na jumla yake leo ingekuwa nyingine. Jim Brown, aliyecheza Syracuse miaka ya 1950, alipata misimu mitatu tu, tena mifupi. Msimu wake wa mwisho, 1956, alikimbia yadi 986 katika mechi 8, na siku waliyocheza na Colgate alifunga pointi 43 peke yake. Heisman ya mwaka huo akashika nafasi ya tano. Aliyepewa ni Paul Hornung wa Notre Dame, ambayo msimu ule ilishinda mechi 2 na kufungwa 8.

Brown alikuwa mtu mweusi. Hornung alikuwa mzungu. Mweusi wa kwanza kupewa tuzo hiyo alikuwa Ernie Davis, 1961, wa Syracuse hiyo hiyo na akiwa na jezi ile ile namba 44 aliyoiacha Brown. Na hapo tunazungumzia vyuo vya Kaskazini, vilivyokuwa na wachezaji weusi. Kule Kusini, Alabama, Georgia, Mississippi, milango ilikuwa imefungwa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Septemba 1970 timu ya USC kutoka California ilikwenda Birmingham na mkimbiaji wake Sam Cunningham, mtoto mweusi, akawakimbilia Alabama yadi 135 na tachidauni 2, USC ikashinda 42-21. Mwaka uliofuata Alabama nayo ilikuwa na wachezaji weusi uwanjani. Watu wa hapa hupenda kuisimulia siku hiyo kama kwamba ndiyo iliyobomoa ukuta. Mimi huwafikiria zaidi wale waliocheza kabla yake, na ambao hawamo kwenye orodha yoyote inayobishaniwa ghalani.

Hao walicheza vyuo vya watu weusi: Grambling, Florida A&M, Jackson State. Eddie Robinson alishinda mechi 408 akiwa kocha wa Grambling. Walter Payton, mtoto wa Mississippi, alimalizia Jackson State mwaka 1974, mwaka ambao Archie alichukua Heisman yake ya kwanza. Kamera za taifa zilikuwa Ohio. Baadaye kwenye NFL Payton alikimbia yadi 16,726, rekodi ya wakati wake, na Archie 2,808. Sitaki kumpunguzia Archie hata nukta: chuoni alivuka yadi 100 katika mechi 31 mfululizo za msimu wa kawaida, na kila timu ilijua kwamba kocha Woody Hayes atampa yeye mpira. Ninachosema ni kwamba ukiniuliza nani mkubwa wa wakati wote, nami nitakuuliza kwanza wakati huo nani aliruhusiwa kuingia uwanjani. Takwimu za Marekani ni nzuri sana kwa aliyeingia. Kwa aliyezuiwa mlangoni hazina mstari.

Nikiwa kwenye hoja hiyo siku moja, jamaa yangu Mkongo, mtu wa Uvira, akaniambia mambo haya ya Wamarekani sisi hayatuhusu. Nikamwonyesha video ya tarehe 25 Novemba 1995. Ohio State wanakwenda Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan, hawajafungwa hata mechi moja, wanashika namba mbili nchini, wana Eddie George ambaye mwaka huo huo alitwaa Heisman. Upande wa Michigan kuna kijana aliyezaliwa Kinshasa na kukulia Canada, Tshimanga Biakabutuka. Akakimbia yadi 313. Michigan 31, Ohio State 23. Jamaa yangu aliirudisha video nyuma tena na tena, akaniuliza, “Biakabutuka? Huyu ni mutu ya kwetu kabisa?” Tangu siku ile naye ana mtu wake kwenye ubishi, na yule mzee wa Archie akisikia jina hilo huinuka kwenda kuosha kikombe.

Sasa nirudi nyumbani, maana huko ndiko moyo unakouma.

Pale Magomeni wazee wetu walikuwa wakibishana kuhusu Sunday Manara, “Kompyuta”, na Abdallah Kibadeni, na Maulid Dilunga, na mlinda mlango Omari Mahadhi. Walibishana kwa ushahidi wa macho: mimi nilikuwepo, nilikaa upande wa mashariki, nilimwona. Ladha ya maneno yale sijaipata tena popote. Mzee anasimama, anaweka kikombe cha kahawa chini, anakuonyesha kwa mwili wake jinsi Sunday alivyoupokea mpira kwa kifua na kugeuka. Hapa ghalani hakuna anayesimama. Kila mtu anakusomea kioo.

Ila mzee yule akifariki, anaondoka na Sunday wake. Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990. Soka letu la miaka ya 1970 lilitangazwa redioni na kuandikwa magazetini, na mengi ya hayo hayajulikani yamehifadhiwa wapi. Leo kijana anakwambia Mbwana Samatta ndiye mkubwa wa wakati wote, na hoja anazo: mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara mwaka 2015, ubingwa wa Ubelgiji na Genk, bao Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi mwaka 2020 akiwa na Aston Villa. Hoja nzito, na Samatta nampenda. Ukimjibu kwamba Sunday Manara alikwenda kucheza Heracles ya Uholanzi katika miaka ya 1970, wakati njia ya Ulaya haijafunguliwa na yeyote, atakuuliza: video iko wapi? Alifunga mabao mangapi? Unabaki huna la kumjibu, na kijana anaondoka akiamini ameshinda.

Hajashinda. Wale walicheza soka la ridhaa, mtu ana kazi yake asubuhi na mazoezi jioni. Hilo peke yake lingetosha kubadilisha kipimo. Wenzetu hapa wanalielewa vizuri, kwa sababu mchezaji wa chuo alikatazwa kulipwa kwa jina lake mpaka Julai 2021. Sasa kuna vijana wa miaka 20 wanaolipwa mamilioni ya dola, na tayari watu wanauliza kama ni haki kuwalinganisha na Archie aliyecheza kwa ada ya masomo. Swali hilo hilo ni letu kuhusu Kibadeni na mshambuliaji wa leo mwenye mkataba, meneja na daktari wake. Wao wanaweza kulijibu kwa sababu wanajua Archie alifanya nini kila Jumamosi. Hapa bado wanamsimulia Chic Harley, aliyechezea Ohio State mwaka 1916, na mechi zake wanazijua.

Sisi mechi tunayoijua wote ni ya Julai 1977, Simba 6, Yanga 0, Kibadeni mabao matatu. Matokeo kila mtoto wa Dar anayo kichwani. Waliokuwa uwanjani siku hiyo wakiwa na miaka 20 sasa wanakaribia 70, wengi bado wako, wako barazani Ilala, Kariakoo, Tanga, Unguja, na kila nyumba ina simu ya kurekodi sauti. Nimeshawapigia wajomba zangu. Kama wako alikuwepo, muulize leo jioni, uwe wa Msimbazi au wa Jangwani: Kibadeni alifunga kwa mguu gani, nani alimpa pasi, beki gani alikuwa anamkaba, na uwanja siku hiyo ulikuwa mkavu au umelowa.