Gunia la korosho lina stakabadhi, injini haina

Usiku mmoja wa Agosti 2024 Mjomba alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Newala, mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania. Kwa kawaida haanzi jambo lolote kabla hajaniuliza hali, watoto, kazi na baridi. Safari hii hakusalimu. Aliiweka simu juu ya boneti akaiacha injini ingurume kwa muda, na chini ya ule mngurumo nikasikia kitu kinagonga, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Mwisho akasema, "Mpwa wangu, gari tuliloletewa ndilo hilo."

Nilikaa kwenye ngazi za nyumba ninayopanga hapa Coventry, Uingereza, nikausikiliza mara tatu. Injini ile ilikuwa imetoka gereji siku nne tu, baada ya karibu miezi tisa na shilingi milioni sita na laki mbili zangu.

Gari lenyewe ni Land Rover Defender 110, injini ya 300Tdi, dizeli, silinda nne, cc 2,495. Ninapoishi si mbali na Solihull, ambako gari hizi ziliundwa mpaka Januari 29, 2016, siku ilipotoka Defender ya mwisho ya umbo lile la zamani. Huku wenye nazo wanazifuta vumbi Jumapili na kuzipeleka kwenye maonyesho. Kwa Mjomba ndilo gari linalopeleka salfa ya kupulizia mikorosho shambani, ndilo linaloshusha korosho ghala la chama cha msingi cha ushirika msimu ukifunguliwa, na ndilo lililomwahisha marehemu mama yangu hospitali Ndanda usiku wa mvua, wakati hakuna gari jingine kijijini lililothubutu ile barabara. Kwa hiyo mtu asiniambie ni chuma tu.

Liliharibika Novemba 2023, likipanda na mzigo kutoka Mtama kwenda Kitangari. Hosi ya rejeta ilipasuka, na binamu yangu aliyekuwa akiendesha akadhani atamaliza mlima kwanza ndipo asimame. Injini hii hedi yake, kifuniko cha juu, ni ya aluminiamu, na bloku, mwili wenye silinda, ni ya chuma. Ukiichemsha namna ile hedi inapinda, gasketi inayoziba kati yake inaachia, maji yanaingia kwenye oili. Alipochomoa kijiti cha oili kilitoka cheupe kama kimechovywa kwenye tui.

Tukalivuta mpaka gereji moja Mtwara mjini, jina lake silitaji. Wenyewe wanajulikana kwa kufufua injini za gari za porini. Mwenye gereji alimwita Mjomba "mzee wangu", na mimi kwenye simu nikawa "mdogo wangu". Aliniambia, "Mdogo wangu, tulia huko, gari la mzee ni kama la baba yangu." Ovahoo kamili, yaani injini ifunguliwe yote na kufanywa upya: pistoni nne mpya na ringi zake za kuziba ubavuni, beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na za koni rodi (mikono inayounga pistoni na krenki), seti nzima ya gasketi, pampu ya maji, hedi ikasawazishwe kwenye mashine. Wiki tatu. Vyote hivyo alivisema kwa mdomo. Kilichoandikwa kilikuwa tarakimu moja kwenye WhatsApp: 6,200,000. Nikatuma milioni nne siku hiyo hiyo.

Miezi iliyofuata sitaisimulia yote. Kila aliyewahi kungoja fundi anaijua. Nitaje jambo moja tu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, aliniambia pistoni zimekwama njiani. Kuhusu barabara alisema kweli, abiria walikwama na mabasi yao. Lakini pistoni alizosema zimekwama Mei ndizo zile alizonipigia picha Februari, zikiwa kwenye boksi juu ya meza yake. Picha ninayo mpaka leo. Nilipomkumbusha alinijibu kwa upole kabisa kwamba mimi niko mbali, siwezi kuelewa.

Agosti akalikabidhi. Mjomba alitoka Mtwara asubuhi. Nanyamba akasimama kuongeza oili, Tandahimba akaongeza tena, na nyuma moshi wa bluu ulikuwa umeifunika barabara. Siku ya nne likaanza kugonga.

Septemba nilikuja likizo, na likizo yenyewe niliimalizia chini ya mkorosho ulio nyuma ya nyumba ya Mjomba. Tulimwita kijana fundi kutoka Masasi, aliyesoma chuo cha ufundi cha VETA Mtwara. Alitandika magunia matupu, akaishusha injini kwa winchi ya kuazima, akaanza kuifungua taratibu, kila boliti na sehemu yake juu ya gunia. Wapwa zangu walituletea ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha kwenye ungo. Tukawa tunakula huku tunaangalia, na kila kilipotoka kitu kutoka ndani ya injini watu waliacha kutafuna.

Pistoni ya kwanza ilitoka inang'aa. Mjomba akapumua, akidhani ni mpya. Kijana akaigeuza kwenye jua, akanionyesha mikwaruzo juu yake, midogo, imezunguka pande zote: alama za brashi ya waya. Ubavuni ilikuwa imelika upande mmoja. Ni pistoni zilezile za zamani, zimesuguliwa, zikavalishwa ringi mpya. Kisha akanishika kidole cha shahada, akakiingiza kwenye silinda na kukipandisha taratibu mpaka karibu na mdomo. Kidole kikakwama kwenye ngazi. Pale juu ringi haifiki, ndiyo maana chuma kimebaki kama kilivyotoka kiwandani. Chini yake kimeliwa kwa miaka. Akachukua ringi moja, akaiingiza silinda ikiwa peke yake, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha akapima pengo la ncha zake kwa fila geji, bapa nyembamba za kupimia nafasi. Akaongeza bapa, akaongeza jingine. Pengo likapita milimita moja, kubwa mno. Hakusema neno, alinitazama tu.

Hedi ndiyo iliyoniuma zaidi. Aliisafisha ile silikoni iliyojazwa kama simenti ya kuziba nyufa, akailaza, akasimamisha rula ya chuma juu yake na kumwomba mtoto amulike tochi ya simu upande wa pili. Katikati mwanga ulipita chini ya rula. Hedi haikuwahi kugusa mashine yoyote. Na kilichokuwa kinagonga ni koni rodi ya silinda ya tatu: beringi mpya ya saizi ya kawaida imefungwa juu ya krenki iliyokwisha liwa, ambayo hakuna aliyeipima. Mjomba alisimama, akaenda kukaa peke yake barazani.

Sasa huku ninakoishi. Mwaka 2022 gari langu dogo liliingiwa na ugonjwa wa kula oili. Gereji mbili za kwanza zilikataa hata kufungua injini. Waliniambia nilitupe ninunue jingine, kwa kuwa saa za fundi zingeshinda thamani ya gari. Ya tatu, karakana ndogo ya mzee mmoja na mwanawe, ilikubali. Kabla hajagusa spana alinipa karatasi: kazi atakazofanya, bei ya kila spea, pauni 78 kwa saa, na mstari wa chini kwamba likionekana jipya atanipigia kwanza. Baada ya kufungua akanitumia karatasi ya pili yenye vipimo vya kila silinda, juu, kati na chini. Siku ya kuchukua gari alinipa boksi zito. Ndani mlikuwa na pistoni zangu za zamani, ringi na beringi. Nikamuuliza nizifanyie nini. Akasema ni zako, fanya utakalo.

Nililipa pauni 2,900 na ilinichukua muda kupata nafuu. Sheria ya huku ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inadai kazi ifanywe kwa uangalifu na ujuzi unaostahili; ikiwa mbovu, airudie au apunguze bei. Asipotaka, kwa England kuna mahakama ya madai madogo hadi pauni 10,000, na unaweza kwenda bila wakili. Yule mzee hakuwa mwema kuliko watu wetu. Hakujua hata nimetoka bara gani. Lakini alijua nikiondoka na karatasi ile mkononi nina pa kuipeleka.

Watanzania wenzangu wa huku nilipowasimulia walinipa jibu moja: "Fundi wa Bongo ndivyo alivyo." Silikubali jibu hilo na sitalikubali. Kijana wa Masasi ni fundi wa Bongo. Akiwa chini ya mkorosho, na rula na tochi ya simu, aliona kilichofichwa na watu wenye jengo na mabati. Huku kwenye mashine za mamilioni wameniambia nitupe gari. Kwetu hakuna fundi aliyeniambia nitupe. Mikono tunayo. Mnaowatukana mafundi wote kwa kosa la mmoja mnamwumiza kijana yule, na mnampa yule wa Mtwara pa kujificha.

Nyumbani nako nilipewa jibu jingine, la kunyamazisha. Shangazi mmoja aliniambia nisidai, ni mtu wetu, tutaonana naye kwenye misiba. Mjomba mwenyewe aliona haya. Alisema kumwomba mtu akuandikie ni kumwambia humwamini.

Hapo ndipo nilipomwuliza Mjomba kuhusu korosho. Tangu msimu wa 2007/2008 tunauza kwa stakabadhi ghalani. Mkulima wa Tandahimba au Newala akifika ghalani na magunia, mizani inasoma mbele ya macho yake, korosho inakaguliwa daraja, na anaondoka na karatasi yenye jina lake na kilo zake. Karani anaweza kuwa mtoto wa dada yake. Anaweza kuwa shemeji. Karatasi inaandikwa, na hakuna anayesema ametukanwa. Ikikosewa kilo tano mkulima anasimama palepale, na hata wenye foleni nyuma yake wanamwunga mkono. Mtu huyohuyo anapeleka injini gereji, kitu chenye thamani ya magunia mangapi sijui, anaiacha kwa neno "mzee wangu" na kurudi nyumbani na mikono mitupu.

Mjomba alifikiri kwa muda. Kisha akasema kilo anaziona kwa macho, lakini ya ndani ya injini hayaoni, ndiyo maana alimwachia Mungu na fundi.

Mimi naona kwa sababu hayaonekani ndiyo inafaa yaandikwe zaidi ya kilo. Na nakiri sehemu yangu. Nilituma milioni nne kabla sijaomba mstari mmoja wa maandishi, kwa kuwa nilitaka kuonekana mtoto mwema asiyewasahau wa nyumbani. Wengi wetu tulio nje tunafanya hivyo, na wapo wanaolijua hilo. Kwetu sheria ipo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamgusa mlaji pia, na Tume ya Ushindani ipo. Lakini ningekwenda na nini? Ujumbe wa kutuma pesa, picha ya boksi, na tarakimu moja isiyosema imelipia kitu gani.

Kijana wa Masasi hakuwa na fomu. Nilimwomba aandike, akachana karatasi mbili katikati ya daftari la mpwa wangu wa darasa la tano. Akachora mistari kwa ile rula ya chuma, akaandika silinda ya kwanza mpaka ya nne, na vipimo vya kila moja kwa mikrometa aliyotumiwa na mwenzake kwa basi. Chini akaandika: bloku na krenki kwenda Dar kuchongwa, pistoni za oversaizi 0.50 (pana zaidi kwa nusu milimita), beringi kwa saizi itakayotoka mashine, hedi kusawazishwa, kila kimoja na bei yake. Jumla 4,750,000. Mjomba aliweka saini, na kijana akaweka yake. Nilimwona kijana anavyoishika ile karatasi, kwa fahari. Aliniambia hakuna mteja aliyewahi kumwomba.

Mimi niliondoka injini ikiwa bado Dar. Mwisho wa Oktoba Mjomba alinitumia sauti nyingine, safari hii akaanza na salamu zote mpaka na za majirani, halafu akaniwekea mngurumo. Ulikuwa safi. Korosho za msimu ule zilishuka ghalani na gari letu. Pistoni za zamani zimo kwenye mfuko wa salfa chini ya kitanda chake, na ile karatasi ya daftari ameikunja pamoja na kadi ya gari.

Kwa yule wa Mtwara mjini nilikokotoa vitu alivyolipwa asivifanye: pistoni na mashine ya hedi. Ni milioni mbili na laki tisa. Mjomba alimfuata mara mbili, mara ya pili na zile pistoni kwenye mfuko, akazimwaga juu ya meza ileile iliyo kwenye picha. Mwenye gereji alirudisha laki nane, akaahidi zilizobaki baada ya msimu. Msimu umepita. Milioni mbili na laki moja bado anazo, na kila Jumatatu, saa za Mtwara, nampigia.