Neno "jaribu" liache kinywani mwa Ayubu

Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu alifiwa na mtoto wake wa pekee, mvulana wa miaka 4. Nilipofika nilimkuta amekaa kitandani anakunja nguo za mtoto. Kulikuwa na shati dogo la buluu lililokatika kifungo cha juu. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Mimi nilikuwa nimefundisha Biblia kanisani kwa muda mrefu, nikaona haifai kunyamaza. Nikamwambia, "Dada, hili ni jaribu tu. Mungu anaipima imani yako." Hakuinua macho. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hiyo mwanangu alikuwa karatasi ya mtihani wangu?"

Usiku ule nilifungua kitabu cha Ayubu nikakisoma chote, sura 42. Nasema chote kwa sababu wengi wetu tunakijua kwa mbili za mwanzo na ile ya mwisho: mali ikapotea, mtu akavumilia, mali ikarudi maradufu. Katikati pana sura karibu 40 za watu wanaobishana kando ya mgonjwa aliyeketi majivuni akijikuna kwa kigae. Tunaziruka, na humo ndimo nilimojikuta.

Msomaji wa Ayubu anajua jambo ambalo Ayubu mwenyewe halijui. Sisi tumeyasikia mazungumzo ya Mungu na Shetani mbinguni, katika sura za mwanzo. Tumemsikia Shetani akiuliza, "Je! Huyo Ayubu yuamcha BWANA bure?" Tunajua kwamba kinachopimwa ni kama mtu anaweza kumpenda Mungu bila kulipwa. Ayubu hakuambiwa. Hata Mungu aliponena naye kutoka katika upepo wa kisulisuli, alimwuliza habari za misingi ya dunia, ghala za theluji na mbuzi-mwitu wa milimani wanavyozaa, lakini lile swali la Shetani hakuligusa. Ayubu alikufa mzee, ameshiba siku, pasipo kitabu hiki kumwonyesha akijua kwa nini.

Kwa hiyo anayefika msibani na kutangaza "hili ni jaribu" anajifanya amekaa kwenye baraza lile la mbinguni. Mimi nilijifanya hivyo.

Neno lenyewe limo kitabuni, ndiyo. Angalia tu limo kinywani mwa nani. Katika sura ya 23 Ayubu anasema, "Akisha kunijaribu, nitatoka kama dhahabu." Tunaupenda mstari huo, tunauandika kwenye kadi za pole. Lakini aliyeusema ni mwenye kigae mkononi, na mistari michache kabla alikuwa akilia kwamba laiti angejua pa kumwona Mungu ili aweke shauri lake mbele zake. Katika sura ya 7 analitumia kwa uchungu zaidi: anamuuliza Mungu mwanadamu ni nini hata amwangalie kila asubuhi na kumjaribu kila dakika. Neno ni lake, alitumie kama tumaini au kama malalamiko. Halafu msikilize Elihu, kijana anayekuja baadaye kumkosoa Ayubu, katika sura ya 34. Yeye pia anataja kujaribiwa: anatamani Ayubu ajaribiwe hata mwisho kwa sababu anajibu kama watu waovu. Neno lile lile, likitoka kwa mwenye afya, limegeuka fimbo.

Ni vivyo hivyo na ule mstari wa msibani, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Aliusema baba aliyepoteza watoto 10 siku moja, nyumba ilipowaangukia. Hakuna mgeni aliyemsomea.

Wale rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, hawakuanza vibaya. Walilia, wakararua mavazi, wakaketi naye chini siku 7, mchana na usiku, pasipo yeyote kunena neno, kwa kuwa waliona mashaka yake ni makuu mno. Laiti wangeishia hapo. Shida ilianza Ayubu alipofungua kinywa katika sura ya 3 na kuilaani siku ya kuzaliwa kwake. (Wanaotutajia subira ya Ayubu kama kutulia tuli waisome sura hiyo kwa sauti.) Maneno yale yaliwatisha, wakaona wana wajibu wa kumtetea Mungu.

Elifazi alianza kwa upole: nani aliyeangamia akiwa hana kosa? Bildadi akamwambia baba mfiwa kwamba huenda watoto wake walitenda dhambi, ndiyo maana wakaachiliwa kwa kosa lao. Sofari akasema Mungu amemdai pungufu ya uovu wake. Kufikia sura ya 22 Elifazi hana tena subira, naye anaorodhesha dhambi ambazo hakuna aliyeziona: umewavua walio uchi nguo zao, umewanyima maji waliochoka, umewafukuza wajane mikono mitupu. Hapa ndipo niliposhtuka. Elifazi hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa na kanuni moja, kwamba mwenye haki hateswi, na mbele yake ameketi mwenye haki anayeteswa. Kimojawapo kilipaswa kuvunjika. Akaihifadhi kanuni, akamshuhudia rafiki yake uongo.

Kanuni hiyo haijafa. Wanafunzi wa Yesu waliiuliza mbele ya kipofu: ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Wao wanajadili, yeye macho hana lakini masikio anayo. Yesu alikataa yote mawili. Na kuhusu wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu alisema hawakuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Bado leo mgonjwa asiyepona ataambiwa hana imani ya kutosha. Wanaohubiri kwamba imani ya kweli lazima ilipe, kwa afya na mali, sijui wanamjibu nini Shetani, maana wanakubaliana naye kwamba hakuna amchaye Bwana bure.

Hukumu ya sura ya 42 inanitisha mimi ninayefundisha. Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili: hamkunena yaliyo sawa juu yangu, kama mtumishi wangu Ayubu. Yaani waliomtetea Mungu ndio waliokosea, na aliyelalamika, aliyemdai Mungu aje ajibu, ndiye aliyenena sawa. Wakaamriwa watoe ng'ombe 7 na kondoo waume 7, na waende kwa Ayubu awaombee.

Kisha mali inarudi maradufu: kondoo 7,000 wanakuwa 14,000, ngamia 3,000 wanakuwa 6,000. Lakini watoto ni 10 tena, wana 7 na binti 3. Nimewahi kusikia ikielezwa kwamba nao wameongezwa mara mbili kwa kuwa wale wa kwanza wako kwa Mungu. Nawaheshimu wanaosema hivyo, ila mimi hesabu hiyo siitaki tena. Ninachoona ni kwamba kitabu kinahesabu mifugo maradufu, na kwa watoto hakithubutu. Kinataja tu majina ya mabinti, Yemima, Kezia na Keren-hapuki, na kwamba baba yao aliwapa urithi pamoja na ndugu zao. Mwanzoni alikuwa baba anayeamka alfajiri kuwatolea watoto sadaka, akihofu huenda wamekosa. Kuhusu hawa wa pili hofu hiyo haitajwi.

Nilirudi kwa rafiki yangu baada ya wiki moja. Nilimwambia nilinena nisichokijua, anisamehe. Nilikuwa nimeandaa na maneno mengine, na mstari wa Zaburi.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Nguo zilikuwa zimeshafungwa kwenye mfuko, isipokuwa lile shati, lilikuwa mapajani mwake, na pembeni sindano na uzi. Alishona kifungo, na sikusema kitu.