Strimu 1,000 za Spotify na msanii wa Kisukuma

Ukipita Makoroboi hapa Mwanza bado unamkuta jamaa na kompyuta yake na spika anakuingizia nyimbo kwenye flashi, na za Kisukuma hazikosi humo. Msanii wa hizo nyimbo anapigwa kwenye bodaboda, anapigwa kwenye harusi Magu na Misungwi, lakini Spotify, ile app ya kusikiliza muziki mtandaoni, anaonekana kama hana watu kabisa, maana wasikilizaji wake hawaweki bando kwa ajili ya muziki.

Sasa tangu mwanzo wa 2024 Spotify wameweka sheria, wimbo usipofika strimu 1,000, yaani kusikilizwa mara 1,000, ndani ya miezi 12 haulipwi mirabaha ya rekodi, ile hela ya mwenye rekodi. Wengi wanasema ndo matokeo ya kampuni kuwa kubwa, kampuni ilianza 2006 kule Stockholm ikiwa inahitaji nyimbo za kila mtu, ikaingia soko la hisa New York 2018, saivi inawasikiliza wanahisa.

Mimi nakubali ila sio yote. Kwanza hiyo hela hawaiweki mfukoni, inagawiwa kwa nyimbo zilizovuka. Halafu nyimbo chini ya hapo zilikuwa zinaingiza senti tu, na wasambazaji wengi, wale wanaomwekea msanii nyimbo Spotify, hawakuruhusu kutoa hela mpaka ufikishe kiwango fulani, so ilikuwa inakaa huko huko. Na kuna watu walikuwa wanajaza sauti za mvua na feni ili wavune, hao acha wabanwe. Alafu tukumbuke bila huo ukubwa sidhani kama wangefika Tanzania 2021, kampuni ndogo isingetuwaza.

Kinachoniuma ni jinsi wanavyohesabu. Wanahesabu wimbo mmoja mmoja, sio msanii. Mtu ana nyimbo 10, kila moja imepata strimu 900, jumla watu wamembonyeza mara 9,000 na hapati hata shilingi, wakati mwenye wimbo mmoja wenye 1,100 yumo kwenye mgao. Na wasanii wetu huku ndo wako hivyo hivyo, wanatoa nyimbo nyingi, harusi hii wimbo, msiba ule wimbo, hawana hiti moja ya kubeba zote. Hapo mwizi wa sauti za mvua na mzee anayeimba Kisukuma miaka 20 wamewekwa kapu moja, na kampuni yenye data zote zile inaweza kuwatofautisha kabisa, wahesabu jumla ya msanii basi.