Noti Hupewa Kazi na Nani? Skeli za Maikrotoni Zikisikilizwa Kutoka Tabora

Katika kwaya yetu hapa Tabora, mstari wa mwisho wa wimbo mmoja ulitugawa kwa majuma kadhaa. Wimbo ulikuwa umetungwa kwa lahani ya Kigogo, na mtunzi aliumaliza kwa do, mi, so na ta zikiimbwa kwa pamoja. Kwa wasiosoma solfa, yaani maandishi ya muziki ya do, re, mi, ta ni ti iliyoshushwa nusu toni, hatua ndogo kabisa ya kinanda. Mwalimu alipoupiga mwisho huo kwenye kinanda, wengi wetu tulibaki tukisubiri sauti nyingine ifuate, kwa kuwa masikio yetu yamezoea kwamba mkusanyiko wa sauti hizo nne ni lazima uelekee kwenye fa ndipo wimbo utulie. Mama mmoja wa sauti ya pili, aliyekulia upande wa Dodoma, hakusubiri chochote. Aliimba ta yake chini kidogo ya kinanda, akafunga daftari. Mwalimu alipomwambia kuwa anashusha, alijibu kwa upole kwamba kinanda ndicho kinachopandisha.

Jibu lile limenikaa moyoni, kwa sababu linagusa swali ambalo wananadharia wa muziki wa maikrotoni, yaani muziki unaotumia hatua zisizopatikana kwenye kinanda cha kawaida, wanabishania hadi leo. Je, noti hupata kazi yake katika skeli, yaani ngazi ya noti ambayo wimbo unaitumia, kutokana na kipimo cha sauti yenyewe, au kutokana na nafasi iliyopewa na desturi ya wimbo? Ikiwa ni kipimo, basi kila tunapobadilisha hatua za skeli tunabadilisha pia kazi za noti, na majina ya zamani yanatupotosha. Ikiwa ni nafasi, basi ti itabaki ti hata ikisogea juu au chini, mradi inafanya kazi ya ti.

Wazo la kazi za noti si geni kwetu, hata kama hatulitaji kwa jina hilo. Huko Ulaya lilijengwa na Jean-Philippe Rameau katika kitabu chake cha mwaka 1722, na Hugo Riemann akalipa umbo la nadharia kamili mwaka 1893. Sisi tuliolelewa katika kwaya tulilipata kwa njia ya solfa ya John Curwen, Mwingereza aliyefundisha kwamba kila noti ina tabia yake: do ni imara, mi ni tulivu, la ina huzuni, ti inapenya na kutaka kupanda. Mwalimu anayewaambia wanakwaya kwamba ti haikai, inarudi nyumbani kwa do, anafundisha nadharia ya kazi za noti, hata kama hajawahi kusikia jina la Riemann.

Ili tupime hoja za pande mbili tunahitaji kipimo. Mwaka 1885 Alexander Ellis, Mwingereza pia, alichapisha utafiti wake kuhusu skeli za mataifa mbalimbali akitumia senti: oktavu nzima, yaani kutoka do hadi do inayofuata juu yake, ina senti 1,200, na nusu toni ya kinanda ina senti 100 kamili. Kwa kinanda, kutoka do hadi mi ni senti 400, na kutoka do hadi ta ni senti 1,000. Uzi unaotetemeka, hata hivyo, haujui kinanda. Hutetemeka mzima, tena kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kila mgawanyo hutoa sauti yake ndogo iitwayo hamoniki. Hamoniki ya 4, ya 5, ya 6 na ya 7 zikipangwa pamoja zinatoa do, mi, so na ta, lakini mi yake iko kwenye senti 386 na ta yake kwenye senti 969. Ta hiyo iko chini ya ile ya kinanda kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu toni. Si tofauti ndogo kwa mtu mwenye sikio.

Mtafiti Gerhard Kubik wa Austria ameeleza kwamba uimbaji wa Wagogo umejengwa juu ya hamoniki hizi hizi, na yeyote aliyewahi kusikiliza ilimba, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, ya marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, amezisikia. Mama yetu, basi, hakuwa anashusha. Alikuwa anaimba hamoniki ya 7 mahali pake.

Hapo ndipo upande wa kwanza, wa kipimo, unapopata nguvu. Wanasema hivi: ta ya kinanda inasumbua kwa sababu senti 1,000 hazipatani vyema na do, mi na so, kwa hiyo sikio linatafuta pa kupumzikia; ta ya senti 969 inapatana nazo, kwa hiyo sikio linatulia. Noti imebadilika kipimo, na kazi yake imebadilika. Nilitaka kuliona jambo hili mwenyewe. Baadhi ya vinanda vya umeme vya siku hizi vina sehemu ya kurekebisha noti moja moja, iliyowekwa kwa ajili ya wapigaji wa muziki wa Kiarabu, na wapigaji wa taarabu wanaifahamu. Nilishusha ta kwa senti 31 na mi kwa senti 14, nikapiga mstari wa mwisho tena mbele ya wenzangu. Msuguano uliokuwa ukisikika kati ya sauti, ile mitetemo inayopigana, ulipungua kwa namna ambayo hata wasiojua hesabu hizi waliitambua, na vijana wa besi walisema wazi kwamba sasa wimbo umefika.

Lakini wazee wawili wa sauti ya tatu, walioanza solfa tangu shule ya msingi, walisema bado wanaisubiri fa. Sauti ni ile ile, chumba ni kile kile, na kipimo kilikuwa kimerekebishwa. Kama kazi ya noti ingekuwa kipimo tu, wazee wale nao wangetulia. Upande wa pili unasimama hapa: ta ilikuwa imekwisha kupewa nafasi katika vichwa vyao na nyimbo za miaka mingi, na senti 31 hazikutosha kuifuta.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwa upande huu wa pili uko karibu nasi, katika muziki wa Kiarabu uliozaa taarabu na unaosikika hata katika baadhi ya kaswida za Tabora na Ujiji. Kuna noti iitwayo sika, iliyo kati ya mi na mi iliyoshushwa, ambayo kinanda cha kawaida hakina. Katika makamu (ndivyo mifumo ya skeli za Kiarabu inavyoitwa) ya Rasti, noti hiyo ni ya tatu kutoka nyumbani. Katika Bayati inayoanzia noti ya pili ya Rasti, ndiyo ya pili. Katika makamu yenye jina la Sika, noti hiyo ndiyo nyumbani penyewe, wimbo unaanzia hapo na kurejea hapo. Waimbaji huisogeza kidogo kutoka makamu moja hadi nyingine, ni kweli, lakini mabadiliko ya kazi yake ni makubwa kupita kiasi kuelezwa na usogezaji huo. Kinachoifanya iwe nyumbani ni namna wimbo unavyoizunguka na mahali unapopumzika.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba desturi inaweza kuipa noti yoyote kazi yoyote. Hatua zenyewe huweka mipaka. Kazi ya ti, ile ya kupenya na kuvuta kuelekea do, inategemea udogo wa hatua kati yao. Katika amadinda, marimba ya mbao ya Waganda, ambayo oktavu yake imegawanywa katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, kila hatua ni kama senti 240. Hakuna noti iliyo jirani ya nyumbani kuliko nyingine, na mtu akiitafuta ti humo hatafuti kitu kilichomo. Kazi za noti zipo katika muziki huo, ila zinatokana na kupokezana kwa wapigaji na noti zinazogongana kwa pamoja, wala si mvuto wa nusu toni.

Upande wa pili wa mpaka huo kuna skeli ambazo majina ya zamani yanazifaa bila taabu. Ukigawa oktavu katika hatua 19 zilizo sawa, kutoka ti hadi do ni hatua mbili, senti 126. Katika hatua 31, ambazo Christiaan Huygens wa Uholanzi alizipigia hesabu mwaka 1691, ni hatua tatu, senti 116. Mpangilio wa hatua kubwa na ndogo unabaki ule tuliouzoea, na kwaya inaweza kuimba wimbo wake wa kawaida humo na kila noti ikafanya kazi yake. Mgawanyo wa 31 una jambo jingine lililonifungua macho. Humo, ta ya kawaida iko kwenye hatua ya 26, senti 1,006. Ta ya Wagogo iko kwenye hatua ya 25, senti 968, na kwa nadharia ya Ulaya noti hiyo si ta kabisa, bali ni la iliyopandishwa. Kinanda chetu kimezilundika noti mbili zenye kazi tofauti juu ya kitufe kimoja cheusi, kisha tukamlaumu mwimbaji anayejua kuzitofautisha.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo pande hizi mbili zinapokutana. Kipimo huamua ni kazi zipi zinawezekana. Desturi huchagua mojawapo kati ya hizo. Paul Erlich wa Marekani alipopendekeza mwaka 1998 skeli za noti kumi ndani ya mgawanyo wa 22, akiufanya mkusanyiko wa hamoniki ya 4 hadi ya 7 kuwa mahali pa kutulia, alitoa uwezekano. Uwezekano huo haujawa kazi mpaka watunge watu, waimbe wengine, na watoto wakue wakiusikia. Wagogo walikwisha kuifanya safari hiyo, na kwa sababu hiyo naona si haki kuufundisha muziki wao kama solfa iliyokosewa.

Ukiipanga skeli yao kwa hamoniki ya 8, 9, 10, 12 na 14, kisha ukaimba kila noti pamoja na ile inayopatikana kwa kuruka moja, namna ya uimbaji ambayo Kubik ameieleza katika muziki mwingi wa Afrika, mi inapata mwenzi wake katika ta. Umbali wao ni senti 583. Katika shule za Ulaya umbali unaokaribiana na huo ndio unaolazimisha mwendo. Hapa ni jozi kama jozi nyingine, na kazi ya noti ni kuwa mwenzi wa fulani.

Kwenye daftari zetu tumeizungushia ta ya mwisho duara dogo la kalamu, kwa kuwa nukta na vistari vina kazi nyingine katika solfa. Kinanda kinanyamaza mstari ule ukifika. Mama wa sauti ya pili anaitoa ta kwanza, besi wanaweka do chini yake, na sisi wengine tunaingia tukimfuata yeye.