Tulivyotembea Ndani ya Mtumbwi

Sheria ilikuwa moja tu, na aliyeitunga ni Ticha: kutoka mdomo wa mto Songwe, mpakani na Malawi, hadi Ikombe kwa wafinyanzi wa Kikisi, ni miguu tu. Ufukwe wote wa Ziwa Nyasa upande wa Kyela, kwa vipande vipande, kila mshahara unaporuhusu. Atakayepanda chochote, iwe bodaboda, baiskeli au mgongo wa mtu, kipande chake kinafutwa kwenye kaunta buku na anakwenda kukirudia peke yake.

Ticha ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu kufundisha ila hajastaafu kusahihisha. Wazo aliliokota mtandaoni. Uingereza kuna njia inaitwa South West Coast Path, maili 630 kando ya bahari kutoka Minehead hadi Poole, na watu huimaliza kidogo kidogo kwa miaka. "Sisi tuna ziwa la tatu kwa ukubwa Afrika," akasema, "na tukishuka huko ni kula samaki wa mbasa na kurudi Mbeya!" Basi tukaanza: Ticha, Mhasibu anayetunza fedha, na mimi mbeba sufuria.

Vipande vya mwanzo havina hadithi kubwa. Unaondoka Mbeya na sweta, ukifika Tukuyu mvua, ukifika Kyela unatamani kuvua hata ngozi. Kule ni matope ya mpunga na mbu wenye adabu mbaya. Mito ndiyo iliyotutesa. Kila tulipokuta mto, Ticha alitukatalia mtumbwi, tukazunguka bara kutafuta daraja huku watoto wakituuliza tumepoteza ng'ombe wa rangi gani.

Ndipo tukafika mto Lufilyo. Jua limeanza kushuka, Milima ya Livingstone imesimama mbele yetu, Matema ndiyo ile pale, unakaribia kusikia harufu ya samaki wa kuchoma. Katikati kuna maji. Mhasibu akatua begi.

"Mimi daraja sitafuti tena. Hao Waingereza wako nimewasoma. Wakifika kwenye mito kama Fowey na Dart wanapanda kivuko. Kivuko, Ticha! Wanalipa nauli na wanavuka wamekaa."

Ticha akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mtu anayemjua anajua hapo kanuni mpya inatungwa.

"Kivuko ni chombo kipana," akasema. "Mtu anaweza kutembea juu yake. Kwa hiyo nasi tutavuka tukitembea."

Mwenye mtumbwi alikuwa kijana mpole, na mtumbwi wenyewe ni gogo moja lililochongwa, upana wake haukuzidi kiuno cha Mhasibu. Akatuonyesha pa kukaa. Tukabaki wima.

"Wazee wangu, kaeni chini. Na huku kuna mamba."

"Kijana, wewe shughulika na upondo. Mambo ya sheria tuachie sisi."

Tukaondoka. Ticha mbele anapiga hatua papo hapo, kushoto, kulia, goti juu kama yuko mchakamchaka. Mhasibu katikati anaburuza soli, maana alitaka kuvuka, siyo kusifiwa. Mimi nyuma, na mfuniko wa sufuria unagonga kila hatua, kang, kang. Ukingo wa mtumbwi ulikuwa umebakiza vidole viwili kufikia maji. Yule kijana aliacha kusukuma akawa anatutazama tu, na sidhani kama alikuwa anapumua.

Pengine tungefika. Lakini ukipiga hatua papo hapo huendi popote, na hilo lilimkera Ticha kama mwalimu wa hesabu. Akaamua twende mbele kweli, hatua fupi fupi, mpaka akafika ncha ya mtumbwi na nafasi ikaisha. Badala ya kusimama, akatoa amri kwa sauti ya paredi:

"Nyuma... geuka!"

Tukageuka. Mhasibu kulia, mimi kushoto, Ticha sijui wapi. Mtumbwi nao ukageuka, tena yeye ndiye aliyegeuka vizuri kuliko sisi wote.

Bahati yetu ng'ambo ilikuwa karibu, maji yakaishia kifuani. Ticha, ambaye goti lake limetuchelewesha tangu Songwe, alifika ukingoni kabla kofia yake haijatua majini. Yule kijana aliokoa kwanza mtumbwi, kisha upondo, kisha sufuria, ndipo akauliza kama sisi tupo. Mchele wetu wote wa Kyela ulibaki kwa samaki. Kiatu changu kimoja pia.

Na kaunta buku ililowa. Ticha haandiki kwa biki, anaandika kwa kalamu ya wino. Akaifungua: Songwe, Itungi, Mwaya, vyote vimekuwa ziwa moja la bluu. Akakaa kimya, maji yanamtoka masikioni.

"Kisheria," akaanza taratibu, "ushahidi umefutika. Itabidi turudi Songwe..."

Mhasibu akamnyang'anya daftari, akachomoa biki mfukoni, akaandika juu ya karatasi mbichi mpaka ikachanika: IMEHAKIKIWA. Akatia sahihi na tarehe. Hoja ikafungwa.

Tukalala Matema. Ijumaa tukashika njia ya mlimani, mimi na kandambili za kuazima, mpaka Ikombe. Tumemaliza. Kurudi ilikuwa ruhusa kupanda chochote, na Jumamosi asubuhi akina mama walikuwa wanapakia vyungu kwenye mitumbwi kuvipeleka gulioni Lyulilo. Tukaomba lifti.

Mama mmoja akatupima kwa macho, kuanzia kandambili hadi miwani ya Ticha.

"Ninyi ndio wale mliokuwa mnatembea ndani ya mtumbwi wa watu?"

Hakuna aliyejibu.

"Pandeni. Mkae. Atakayenyanyua mguu, amenunua vyungu vyote."

Ticha alikaa kabla sentensi haijaisha, akapakatishwa chungu kikubwa, na mpaka Lyulilo hakukuna hata pua.