Dalali wa Sinza na wakala wa Pogba

Mwaka 2017 nilizunguka Sinza kutwa nzima nikitafuta vyumba viwili. Dalali wangu alikuwa kijana mchangamfu, simu mbili mkononi, na kila nyumba tuliyoingia aliisifia utadhani kaijenga yeye. Ya nne niliipenda. Kodi 250,000 kwa mwezi, mkupuo wa miezi sita, na hela ya dalali kodi ya mwezi mmoja, kama ilivyo desturi ya Dar es Salaam. Nikamwuliza kama mwenye nyumba anaweza kushuka kidogo. "Kaka, huyu mama hashuki hata mia. Na kuna mtu anakuja kulipia jioni." Nikalipa.

Wiki ya pili mama mwenye nyumba alinikuta uani nafua, akavuta kigoda.

"Mwanangu, mbona hukuomba nikupunguzie?"

"Dalali alisema hupunguzi, mama."

"Mimi? Nilimwambia hata 220,000 napokea. Yeye ndiye aliyeniambia nishikilie hapo hapo, eti ana mteja hana maneno mengi. Na mimi nikampoza laki mbili kwa kukuleta."

Alicheka mpaka khanga ikamteleza begani. Mimi nilicheka baadaye sana.

Tangu siku hiyo, kila nikisikia watu wanabishana kuhusu mawakala wa wachezaji, wale wanaowatafutia klabu na kuwajadilia mikataba, dalali yule hunijia. Vijiweni ubishi huwa wa asilimia: wakala anakula ngapi? Tano? Kumi? Ishirini? Halafu matusi yanaanza. Mimi naona asilimia ndiyo sehemu nyepesi ya habari hii. Zito ni nani anamlipa, na anakata kwenye fungu gani. Dalali wangu hakunidhulumu kwenye ile kodi ya mwezi mmoja. Hiyo tulikubaliana mchana kweupe. Alinidhulumu kwenye laki mbili ambazo sikujua kama zipo.

Chukua habari ya Paul Pogba, kiungo wa Ufaransa. Agosti 2016 Manchester United walimrudisha kutoka Juventus kwa euro milioni 105, rekodi ya dunia wakati ule. Wakala wake alikuwa Mino Raiola, aliyefariki Aprili 2022, mtu aliyeijua kazi yake na asiyeona haya kuzungumzia hela. Nyaraka zilizovuja na kuchapishwa mwaka uliofuata zilionyesha kwamba dili hilo moja lilimpangia karibu euro milioni 49: milioni 27 kutoka kwa Juventus waliouza, milioni 19.4 kutoka kwa United walionunua, tena kwa mafungu, na milioni 2.6 kutoka kwa Pogba mwenyewe. Hebu zirudie hizo namba. Mtu ambaye ndiye mteja alichangia kama shilingi tano katika kila mia. Zote zilizobaki zilitoka kwa waajiri, wa zamani na mpya.

Sisemi Pogba aliumia, maana mshahara wake ulikuwa mnono. Nauliza tu: kama siku ile maslahi ya Pogba yangekuwa kubaki Juventus mwaka mmoja zaidi, nani angemwambia? Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Raiola alikuwa na tatu, na zote alifika.

Kwenye soka ilishakuwa mazoea klabu kumlipa wakala "kwa niaba" ya mchezaji. Mchezaji anaangalia akaunti yake, haoni makato, anafurahi. Katika mwaka mmoja ulioishia Februari 2024, klabu za Premier League ya Uingereza ziliwalipa mawakala zaidi ya pauni milioni 400, na chama cha soka cha huko hutangaza hesabu hizo kila mwaka bila kificho. Sasa klabu haina miti ya hela. Ina bajeti ya kumsajili mtu, na kinachokwenda kwa wakala ni kile ambacho kingeweza kuongezwa kwenye mshahara. Mchezaji analipa vilevile, ila jicho lake halioni.

FIFA wenyewe walihesabu kwamba kuanzia 2011 hadi 2020 klabu zilitumia dola bilioni 48.5 kununua wachezaji kimataifa, na juu yake zikawapa mawakala dola bilioni 3.5. Jambo la kuchekesha ni kwamba ni FIFA hao hao waliofungua mlango mwaka 2015: wakafuta leseni ya uwakala, yeyote mwenye simu akaweza kujiita wakala, na asilimia wakaiacha iwe pendekezo tu, asilimia 3, ambalo kila mtu alilipuuza. Miaka minane baadaye wakarudi na mtihani, leseni na kikomo.

Kikomo chenyewe kiliandikwa hivi. Wakala wa mchezaji achukue asilimia 5 ya mshahara kwa kiasi kisichozidi dola 200,000 kwa mwaka, na asilimia 3 kwa kinachozidi hapo. Mchezaji wa dola milioni moja kwa mwaka angemlipa wakala wake 34,000. Akimwakilisha mchezaji pamoja na klabu inayonunua, na wote wawili wakaridhia kwa maandishi, viwango vinaongezeka mara mbili. Akiwa wa klabu inayouza, asilimia 10 ya ada ya uhamisho. Lakini kusimama pande zote tatu kwa mpigo, kama alivyosimama Raiola, marufuku. Na mchezaji amlipe wakala wake kwa hela yake mwenyewe, isipokuwa yule wa chini ya dola 200,000 kwa mwaka, ambaye klabu inaweza kumlipia.

Hicho kifungu cha mteja kulipa mwenyewe ndicho nilichokipenda kuliko vyote, na ndicho kilichozungumzwa kidogo kuliko vyote. Kelele zote zilikuwa kwenye asilimia 5.

Kanuni zilitakiwa zianze kufanya kazi zote Oktoba 2023. Mawakala wakaenda mahakamani. Ujerumani, mahakama ya Dortmund ilishazizuia tangu Mei. Uingereza, jopo la usuluhishi likasema kikomo kinagongana na sheria za ushindani wa biashara. Tarehe 30 Desemba 2023 FIFA wakasimamisha dunia nzima vifungu vya kikomo cha ada, cha mteja kulipa mwenyewe na cha kuwakilisha pande nyingi. Miezi mitatu tu! Hata mkataba wa mkopo wa mchezaji huwa mrefu kuliko hapo.

Na hapa nawaelewa mawakala kidogo, japo inaniuma kusema hivyo. FIFA ni chama cha vyama, na ndani yake klabu zina sauti kubwa. Aliyekaa upande wa mwajiri akikupangia ulipwe kiasi gani kwa kumtetea mfanyakazi, lazima ujiulize anamtakia mema nani.

Wamarekani jambo hili walilimaliza kwa njia nyingine. Wakala wa mchezaji wa NBA, ligi yao ya kikapu, haruhusiwi kuzidi asilimia 4 ya mshahara, wa NFL, ligi ya mpira wao wa Kimarekani, asilimia 3, na aliyeweka vikomo hivyo siyo ligi, ni chama cha wachezaji wenyewe. Wafanyakazi wamekaa, wakasema: anayetaka kutuwakilisha aje kwetu achukue kibali, na bei yetu ni hii. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili, na Memphis Grizzlies, kwenye zoezi la NBA la klabu kugawana wachezaji wapya mwaka 2009, aliingia chini ya kinga hiyo bila kuipigania. Isitoshe, mshahara wa mchezaji mpya wa raundi ya kwanza kule hupangwa kwenye jedwali kulingana na namba aliyochaguliwa, kwa hiyo wakala hana cha kujisifia sana. Ulaji wake uko kwenye matangazo, ambako kikomo hicho hakifiki, na asilimia 10 mpaka 20 ni kawaida.

Lakini mfano unaonikaa kichwani zaidi hautoki Memphis wala Manchester. Unatoka kwa jirani zetu wa Iten na Eldoret.

Mkimbiaji wa marathoni wa Kenya hana klabu inayomlipa mshahara. Anaishi kwa hela za zawadi, hela ya kukubali tu kushiriki (ambayo ni siri kati yake, meneja na waandaaji) na mkataba wa viatu. Meneja, ambaye mara nyingi ni Mzungu mwenye ofisi Uholanzi au Italia, kwa kawaida huchukua asilimia 15. Ukilinganisha na ile 5 ya FIFA unaweza kusema huu ni wizi. Subiri kwanza. Meneja huyo anatafuta mashindano, anashughulikia viza na tiketi, mara nyingi anaendesha kambi ambako kijana anakula na kulala miaka miwili kabla hajashinda hata senti. Akiumia goti, meneja naye hapati kitu. Kwa kazi hiyo, 15 mimi siigombi.

Ninachogombana nacho ni fungu. Mshindi wa marathoni ya Boston, Marekani, hupata dola 150,000. Serikali ya Marekani kwa kawaida humkata mgeni asilimia 30 pale pale, yaani 45,000, na jimbo nalo lina kodi yake ambayo naiacha kurahisisha hesabu. Zinabaki 105,000. Meneja akikata 15 yake kwenye hela kabla ya kodi anachukua 22,500. Akikata baada ya kodi, 15,750. Tofauti ni dola 6,750, na kwa bei za Iten hiyo ni mifugo, au ni msingi wa nyumba umekamilika. Asilimia ni ile ile, kilichobadilika ni neno moja kwenye karatasi. Halafu zawadi haiji siku ya mbio. Husubiri majibu ya vipimo vya dawa, miezi inapita, na inapofika mara nyingi inapitia kwa meneja kwanza. Mkimbiaji asiyeuliza karatasi ya mchanganuo anapokea alichopewa na kushukuru.

Tuje nyumbani, maana huku ndiko hesabu za FIFA zinakogoma kabisa. Mchezaji wa ligi yetu anayelipwa milioni moja kwa mwezi, asilimia 5 yake ni elfu hamsini. Wakala makini wa kusoma mikataba, kusafiri mpaka Mwanza kumtazama mteja akicheza, na kufukuzia mishahara iliyochelewa atafanya hayo kwa elfu hamsini? Atakula wapi? Jibu tunalijua: atakula cha juu. Atapeleka mchezaji kwa klabu inayompoza vizuri, siyo inayomfaa mchezaji. Atamhamisha kila dirisha la usajili, kwa sababu kwetu hela iko kwenye dau, yaani hela ya kusaini, na mchezaji aliyetulia sehemu moja miaka minne hana faida kwake. Hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wanaotaka kikomo kikali. Kwa mishahara hii, kikomo cha chini kinamfukuza wakala mwaminifu na kumwacha yule mwenye laki mbili za pembeni. Afadhali 10 au hata 15 iliyoandikwa, inayotoka kwa mchezaji mwenyewe, na stakabadhi juu.

Mwaka juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu, winga wa kushoto, ana mbio mpaka unamwonea huruma beki, aliniletea mkataba wake wa uwakala nikiwa nakula kwa mama lishe. Kurasa tatu, Kiingereza kitupu, kona ya ukurasa wa kwanza imeshapata doa la mchuzi wa maharage.

"Bro, hebu nisomee. Jamaa anataka nisaini kesho."

Asilimia 20. Siyo ya mshahara, bali ya "mapato yote", ikiwemo hata bonasi ya mechi, hela ambayo wenzake hugawana vyumbani. Kabla ya makato. Miaka mitano, na ikiisha inajirudia yenyewe kama hakuna aliyeandika barua. Kanuni za FIFA zinasema mkataba wa wakala na mchezaji usizidi miaka miwili na haujirudii wenyewe, na kifungu hicho hakimo kwenye vile vilivyosimamishwa. Nikamweleza.

"Lakini kaka, ndiye aliyeninunulia viatu. Na nauli ya majaribio alitoa yeye."

Hapo ndipo penye ugumu, na hakuna kanuni ya FIFA iliyoandikwa kwa ajili ya viatu. Nikamwambia apige hesabu ya viatu na nauli, aiandike kama deni, alilipe likiisha liishe, na asilimia isimame peke yake. Nikamwandikia kwa kalamu pembeni mambo matatu ya kuomba: miaka miwili, asilimia 10 ya mshahara na dau tu, na stakabadhi kila anapokatwa.

Alirudi kesho yake jioni. Miaka miwili, wakala alikubali bila ubishi. Nadhani alishtuka kwamba kuna mtu kasoma. Asilimia waligombania wakaishia 15, bonasi ikatolewa. Deni la viatu na nauli likaandikwa: 340,000. Kuhusu stakabadhi, jamaa alisema hajawahi kuulizwa kitu kama hicho na hana hata kitabu chake. Mwezi uliofuata kijana alinitumia picha kwenye WhatsApp: karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, kiasi kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, sahihi mbili, na chini kabisa muhuri wa duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu huo ndio muhuri pekee wakala aliokuwa nao.